Antonio de Torres

Antonio de Torres Jurado (La Cañada de San Urbano, Almería, 13 Juni 1817 – Almería, 19 Novemba 1892) alikuwa seremala na fundi wa magitaa kutoka Andalusia, kusini mwa Hispania. Gitaa la klasiki linalopigwa leo duniani kote limefuata kwa kiasi kikubwa umbo na vipimo alivyovichagua yeye. Anakumbukwa pia kwa gitaa moja la ajabu la mwaka 1862. Alilitengeneza ili kuonyesha kwamba sauti nzuri haitegemei mbao za thamani za mgongoni na ubavuni, bali ubao mwembamba wa mbele.

Maisha ya awali

Torres alikuwa mtoto wa Juan Torres, mkusanya kodi, na María Jurado. Alipofika umri wa miaka 12 alianza kujifunza useremala. Vita vya kugombea kiti cha ufalme vilizuka Hispania mwaka 1833, na kijana huyo akaandikishwa jeshini. Baada ya muda mfupi aliachiliwa kwa sababu za afya, kwa juhudi za baba yake. Kwa kuwa waliooa hawakuchukuliwa upesi kama makapera, mwaka 1835 aliozwa haraka Juana María López, msichana wa miaka 13 tu.

Ndoa hiyo ilikuwa na taabu nyingi. Madeni yaliwaandama na baadhi ya watoto wao walifariki. Mwaka 1845 Juana mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 23. Baadaye Torres alihamia Sevilla kutafuta kazi yenye malipo bora.

Kazi ya Sevilla

Huko Sevilla alikuwa kwanza seremala miongoni mwa maseremala wengi. Magitaa aliyatengeneza kidogo kidogo hadi miaka ya 1850, alipoamua kuyafanya kuwa kazi yake kuu. Aliyemtia moyo ni Julián Arcas, mpiga gitaa mashuhuri wa wakati huo, aliyetaka ala yenye sauti kubwa zaidi ya kufaa kumbini. Gitaa la mwaka 1856 liitwalo La Leona ni mojawapo ya matunda ya ushirikiano wao. Mwaka 1858 Torres alipata medali ya shaba katika maonyesho ya Sevilla.

Magitaa ya kabla yake yalikuwa madogo. Torres alipanua tumbo la gitaa, akaufanya ubao wa mbele kuwa mwembamba na kuupa mbinuko kidogo. Urefu wa uzi unaotikisika aliuweka kwenye kipimo cha takriban milimita 650, ambacho mafundi wengi wanakifuata mpaka sasa. Chini ya ubao wa mbele alibandika vijiti vyembamba, mara nyingi saba, vilivyotandazwa mfano wa upepeo. Vijiti hivyo huuwezesha ubao mwembamba kuhimili mvuto wa nyuzi bila kuzuiwa kutikisika. Mpango huo hakuubuni yeye. Mafundi wa Cádiz waliutumia kabla yake. Kazi yake ilikuwa kuusawazisha na ukubwa mpya wa gitaa.

Mbao za rangi na gitaa la karatasi

Wanunuzi wa Ulaya walipenda gitaa lenye mgongo wa mbao za rangi kutoka nchi za mbali. Iliyothaminiwa kuliko zote ilikuwa ile ya Dalbergia nigra, mti wa misitu ya pwani ya Brazili wenye mbao za kahawia na zambarau zenye michirizi myeusi. Wabrazili huuita jakaranda, lakini haufanani kabisa na mjakaranda wa maua ya zambarau unaopandwa kandokando ya barabara za Afrika Mashariki. Mbao zake zilikuja kwa meli na bei yake ilikuwa kubwa. Msaipresi, kwa upande mwingine, ulipatikana hapohapo Hispania. Mbao zake ni za manjano hafifu na nyepesi, na magitaa yake yalikuwa ya bei nafuu.

Torres alitumia zote mbili, pamoja na mepoli, mti wa Ulaya wenye mbao nyeupe. Lakini ubao wa mbele ulikuwa wa msprusi, mti laini wa nchi za baridi ambao mbao zake hazina rangi ya kuvutia jicho. Kwa imani yake, huo ndio uliobeba sauti.

Ili kuithibitisha imani hiyo, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ni wa karatasi nzito iliyogandishwa kwa gundi. Ubao wa mbele tu aliutengeneza kwa ustadi wake wa kawaida. Gitaa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Muziki ya Barcelona. Haimaanishi kwamba mgongo hauna kazi yoyote: huufunga mwili wa gitaa, huurudisha mlio, na ukiwa dhaifu ala haidumu. Torres mwenyewe aliendelea kutumia mbao nzuri kila mteja alipoweza kuzilipia.

Msomaji wa pwani ya Waswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama gambusi. Mwili wake huchongwa katika gogo moja, lakini uso wa tumbo lake huwambwa ngozi, na nyuzi hutikisa ngozi hiyo kwanza. Fundi asipoiwamba vizuri, uzuri wa gogo hautamsaidia.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio linalokaribiana na hilo. Magitaa sita yalitengenezwa sawasawa isipokuwa mbao za mgongo na ubavu, moja likiwa la mti wa Brazili. Wapigaji 52 waliyajaribu bila kuona mbao zake, na alama walizoyapa kwa sauti zilikaribiana sana.

Tárrega na kurudi Almería

Mwaka 1868 Torres alioa mara ya pili. Mkewe aliitwa Josefa Martín Rosado. Mwaka uliofuata alifikiwa na kijana Francisco Tárrega, aliyetaka kununua gitaa. Inasimuliwa kwamba Torres alimtolea kwanza gitaa la kawaida. Alipomsikia akilipiga alikwenda ndani, akamletea gitaa la mwaka 1864 alilokuwa amejitengenezea mwenyewe. Tárrega alilipiga kwa miaka mingi, na kupitia kwake na wanafunzi wake jina la Torres lilienea.

Hata hivyo sifa hazikumpa fundi huyo riziki ya kutosha. Karibu mwaka 1870 aliacha kutengeneza magitaa, akarudi Almería na kufungua duka la vyombo vya udongo na vioo. Mwaka 1875 alirudia ufundi, na kuanzia hapo vibandiko vya ndani ya magitaa yake vilitaja kwamba ni ya kipindi cha pili. Mengi ya kipindi hicho ni ya mbao za kawaida, na mengine yana mgongo uliounganishwa kwa vipande zaidi ya viwili. Josefa alifariki mwaka 1883.

Katika miaka ya mwisho mikono ya Torres ilitetemeka, akasaidiwa na rafiki yake kijana, Juan Martínez Sirvent, aliyekuwa padre. Miongo kadhaa baadaye padre huyo aliandika barua kuhusu mzee wake. Alieleza kwamba Torres alijifungia chumbani alipofanyia kazi ubao wa mbele. Alipoulizwa siri yake alijibu kuwa hawezi kumwachia mtu, kwa sababu imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, vidole vinavyopima unene wa ubao.

Urithi

Torres anakadiriwa kutengeneza magitaa zaidi ya 300, lakini yanayojulikana yalipo hayafiki nusu. Habari nyingi za maisha yake zilikusanywa na José Romanillos, fundi wa magitaa Mhispania aliyeishi Uingereza, katika kitabu cha mwaka 1987.

Mti wa Brazili ulikatwa mno, kwa ajili ya samani kuliko hata magitaa. Mwaka 1992 uliwekwa katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Tangu Januari 2017 jenasi yote ya Dalbergia iko chini ya mkataba huo, ukiwemo mpingo (Dalbergia melanoxylon) wa Tanzania na Msumbiji, ambao hutumika zaidi kwa klarineti lakini pia kwa sehemu za magitaa. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti, isipokuwa za mti wa Brazili. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilikuwa vimepata mwaka 2009 cheti cha FSC cha kuvuna misitu yao kwa uangalifu, na mpingo ndio mti wao wa thamani zaidi.