Karamojo Bell na Risasi Ndogo

Walter Bell, mzaliwa wa Uskoti mwaka 1880, alipata jina la Karamojo kutokana na Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, alikowinda ndovu. Enzi hizo wawindaji wengi waliamini bunduki nzito tu. Yeye alipendelea Mauser ya milimita 7, yenye risasi ileile waliyoitumia Makaburu dhidi ya Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902.

Siri yake haikuwa bunduki. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alijizoeza kulenga shabaha hata bila risasi. Hivyo aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa Mauser hiyo, akauza pembe zao. Biashara hiyo ndiyo iliyowapunguza ndovu Afrika. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa kijeshi. Alifariki mwaka 1954.

Hadi leo wapenzi wa bunduki huienzi risasi hiyo kwa ajili yake. Lakini atakayeichukua bila mazoezi yake atajeruhi tu. Ndugu askari, silaha hutolewa ghalani. Shabaha huzaliwa na nidhamu.