Alan Turing: Mashine Inayoiga Mashine

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Alisoma hisabati King's College, Cambridge. Mwaka 1936, akiwa hajafikisha miaka 25, aliandika makala iliyoonyesha kwamba mashine moja, ikipewa maelezo ya mashine nyingine, inaweza kufanya kazi zote za hiyo nyingine. Wakati huo kompyuta ya kielektroniki haikuwapo. Wazo hilo ndilo msingi wa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye nyingine. Kwa sababu hiyo kijana wa Ilomba anaweza kucheza kwenye simu yake mchezo wa mashine iliyokoma kutengenezwa kabla hajazaliwa.

Septemba 1939 Turing alikwenda Bletchley Park kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma. Akiendeleza kazi iliyoanzishwa na Wapoland, alibuni Bombe, na Gordon Welchman akaiboresha. Bombe moja iliiga Enigma 36 kwa pamoja. Hata hivyo uigaji huo haukuwa kamili. Kwenye Enigma, gurudumu la kati husogea mara moja kwa kila herufi 26 hivi. Bombe ilichukulia kuwa halisogei kabisa katika kipande kinachochunguzwa. Kama lilisogea, jibu sahihi lingeweza kupita bila kuonekana, huku meli zikizamishwa baharini. Ndiyo maana wachambuzi walipendelea vipande vifupi.

Baada ya vita, yeye na David Champernowne walitunga programu ya sataranji ambayo hakukuwa na kompyuta ya kuiendesha. Mwaka 1952 Turing aliiendesha mwenyewe kwa karatasi na kalamu dhidi ya Alick Glennie. Kila hatua ilichukua kama nusu saa, na programu ikashindwa. Alifuata maagizo, lakini kwa mwendo wa konokono.

Mtahiniwa, hapo ndipo penye mtego. Turing alithibitisha kwamba kuiga kunawezekana, hakuahidi kasi. Emuleta iliyoandikwa vizuri hutoa majibu yaleyale kwenye Windows, Linux au Android, kwa kuwa huhesabu mapigo ya saa ya mashine ya zamani. Kinachotofautiana ni muda. Mfumo endeshi hugawa zamu kwa programu nyingi, hivyo sauti inaweza kukatika au kitufe kikachelewa kuitikia. Usiandike kwamba hesabu imekosewa.

Mwaka huohuo wa 1952 alihukumiwa kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule iliyokataza uhusiano wa kimapenzi kati ya wanaume, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa Desemba 2013.