Machemba wa Luagala, na Yale Ambayo Hatukuyasoma Darasani

Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee tunatenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja wa zamani aliyegusa maisha ya huku kwetu. Miaka mingine kazi huwa nyepesi, kwa sababu mtu mwenyewe aliacha kitu cha kuonyesha: shule, kanisa, zahanati, kisima. Mwaka huu tumechagua mtu ambaye hakutuachia hata tofali moja, na ambaye jina lake liliigawa kamati yetu jioni nzima. Ni Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala, juu ya uwanda wa Makonde, na aliyewasumbua Wajerumani kwa takriban miaka kumi.

Tuliosoma sekondari tunamfahamu. Alikuja kwenye mtihani wa historia pamoja na Mkwawa na Abushiri, na tuliandika sababu zake za kukataa utawala wa kigeni, tukapata alama zetu tukasahau. Lakini jina lake lilipotajwa kikaoni, mzee mmoja wa kamati alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kwao jina hilo halikutajwa kwa sifa. Bibi yake alisimuliwa habari za misafara iliyoshuka kwenda pwani, na za watu waliokwenda nayo bila kupenda. Mwingine akamjibu kwamba tukianza kuwapima wakuu wa zamani kwa mizani hiyo hatutabaki na hata mmoja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tulikubaliana kuandika habari zake zote mbili, kwa kuwa zote ni za mtu mmoja.

Tuanze na mahali. Mgeni akisimama Ndanda na kutazama kusini anaona ukuta wa miti na majabali ukipanda juu. Huo ndio ukingo wa uwanda wa Makonde. Maji yetu yanayotoka chemchemi chini ya mlima, yale yanayotufanya tujisifu mbele ya wenzetu wa wilaya nyingine, ni mvua iliyonyesha kule juu ikazama ardhini na kutokea huku chini. Juu kwenyewe maji hayakai. Udongo unayanywa. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa uwandani walishuka mabondeni na vyombo vyao alfajiri, wakapanda navyo vimejaa. Watu walivumilia taabu hiyo kwa sababu vichaka vya uwandani vilikuwa vizito kiasi kwamba adui hakuweza kupita ila kwa njia nyembamba za mtu mmoja mmoja. Katika karne ya 19, Wangoni walipokuwa wakivamia kutoka magharibi na misafara ya watumwa ikipita mabondeni, kichaka kilikuwa na thamani kuliko kisima.

Machemba hakuwa Mmakonde. Wayao walitoka ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi iliyo kati ya mto huo na Ziwa Nyasa, wakasukumwa na vita na kuvutwa na biashara mpaka wakafika Masasi, Newala na uwandani. Hawakuja chini ya mfalme mmoja. Kila mkuu alikuja na watu wake na bunduki zake: Matola akakaa Newala, Nakaam akakaa Chitangali, na Machemba akachagua Luagala, ambako leo ni wilaya ya Tandahimba. Chaguo lake lilikuwa la mtu mwenye akili ya biashara. Kutoka pale aliweza kuzitazama njia zinazokwenda Lindi, Sudi na Mikindani, naye mwenyewe akawa mahali pasipofikika kwa urahisi.

Bidhaa zilizopita mikononi mwake zilikuwa za aina mbili, na hapa ndipo kamati yetu ilipogawanyika.

Aina ya kwanza ni pembe za ndovu na mpira wa mwituni. Mpira huo ulikuwa utomvu wa mimea inayotambaa vichakani. Watu waliugema, wakauviringisha kuwa madonge na kuupeleka pwani, ambako wafanyabiashara Wahindi waliununua kwa nguo, baruti na shanga. Ulaya na Marekani walikuwa wameanza kuuhitaji kwa viwanda vyao, na uwanda wetu, ambao haukuwa na maji wala dhahabu, ukajikuta una kitu kinachotafutwa na ulimwengu. Vijana wanaohangaika leo na bei ya korosho wangeielewa hali ile bila kufundishwa.

Aina ya pili ni watu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Amri ile ilikuwa ya karatasi, na karatasi haikupanda uwandani. Biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingi, na wakuu wa Wayao, Machemba akiwa mmojawapo, walikuwa sehemu yake. Ubaya wa njia zile tunaujua pia kwa maandishi. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akapandisha na Ruvuma mpaka kwa Mataka, mkuu mwingine wa Wayao, na njiani alikuta maiti za watu waliokuwa wamefungwa na kuachwa kwa sababu hawakuweza tena kutembea. Miaka kumi baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar kupitia Lindi akiwa na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani, akitaka kuwarudisha karibu na kwao. Walichoka kabla ya kufika walikokusudia, wakasimama Masasi, na mji ukaanza pale. Kwa hiyo katika nchi hii moja, kwa mwendo wa siku chache tu, aliishi mtu aliyepata utajiri kwa njia ya Lindi na watu waliorudi kwa njia hiyohiyo wakiwa hai. Wajukuu wao wamesoma pamoja, wameoana na wanataniana. Nusu ya kamati yetu ina damu ya pande zote mbili, ikihesabu vizuri.

Sasa tuje kwenye barua, maana ndiyo iliyomfanya Machemba ajulikane mbali kuliko Lindi.

Mwezi Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri kule Pangani. Mwezi Mei 1890 kamishna wao, Hermann von Wissmann, alileta majeshi yake kusini akateka Kilwa, Lindi na Mikindani. Kisha alituma ujumbe kwa wakuu wa bara waje wajisalimishe. Machemba hakwenda. Alijibu kwa barua ya Kiswahili, na hilo tunataka msomaji alitazame vizuri: mkuu wa Kiyao, katika nchi ya Wamakonde, alimjibu Mjerumani kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa imepanda na misafara kutoka pwani. Watu wanaodhani Kiswahili kililetwa huku na walimu wa shule wafikiri upya.

Hatutainakili hapa. Yaliyomo ni haya kwa ufupi: kwamba haoni sababu ya kumtii mtu asiyemfahamu, kwamba kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote, lakini kuwa raia wa mwingine, hapana. Yeye ni mkuu katika nchi yake kama Mjerumani alivyo mkuu katika yake, na wote wawili wameumbwa na Mungu mmoja. Akamaliza kwa kumwambia kwamba kama ana nguvu ya kutosha, aje amchukue.

Barua hiyo imetafsiriwa, ikaingia katika vitabu vya historia ya Afrika vinavyosomwa duniani. Lililotugusa sisi ni kwamba haina matusi. Ni barua ya mfanyabiashara. Anatenganisha kushirikiana na kutawaliwa, na anakubali la kwanza. Mzee wetu yule aliyenyamaza kikaoni alisomewa yote, akatikisa kichwa, akauliza kama wale waliofungwa kamba hawakuumbwa na Mungu huyohuyo. Hakuna aliyemjibu, nasi tumeliandika swali lake hapa kwa sababu ni haki yake.

Wajerumani walikuja kweli. Hawakufanikiwa upesi. Askari wao, wengi wao Wasudani na Washangani wa kutoka Msumbiji, walikuwa wamezoea kupigana kwa safu na kupiga bunduki kwa amri. Kichakani hakuna safu. Mtu anaona mgongo wa mwenzake na majani, basi. Watu wa Machemba waliijua kila njia, walijua maji yako wapi na jinsi ya kuyakosesha wengine. Misafara zaidi ya mmoja ilipanda uwandani ikateremka bila kumpata. Kati ya mapigano palikuwa na vipindi vya mapatano, kwa sababu pande zote mbili zilihitaji mpira ufike Lindi. Tunalitaja hili kwa makusudi, maana darasani tulipewa picha ya mtu aliyepigana kila siku kwa miaka kumi. Ukweli ni kwamba alipigana, akapatana, akafanya biashara, akapigana tena. Alikuwa na watu wa kulisha.

Kamba ilianza kukaza baada ya 1895. Mwaka huo Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa na nguvu kama zake nyuma ya Kilwa, alikamatwa na kunyongwa. Halafu ikatoka amri ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Shamba, kila nyumba ilidaiwa rupia 3. Kwa Machemba kodi haikuwa jambo la fedha peke yake. Kulipa kungekuwa kukubali kwa mkono kile alichokikataa kwa kalamu mwaka 1890. Alikataa. Mwaka 1899 jeshi lilipanda tena kwa nguvu, na safari hii hakuweza kulizuia. Akaondoka na watu wake, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kwa Wayao wenzake wa upande wa Mataka, katika nchi ambayo Wareno walikuwa bado hawajaishika yote. Walikotoka wazee wake ndiko alikorudia. Hakukamatwa, na hakunyongwa.

Waliobaki uwandani ndio waliolipa kodi.

Miaka sita baadaye, 1905, vita vya Maji Maji viliwaka. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa, na mwaka 1906 wamisionari wakaanza upya hapa Ndanda, chini ya uwanda, penye maji. Hospitali, shule na mji tunaouchangia leo vimetokana na uamuzi ule. Tunasema kwa utani kwamba Machemba alichagua juu kwa ajili ya kichaka na wamisionari wakachagua chini kwa ajili ya chemchemi, na sisi tumekaa katikati tukidai umeme na barabara.

Mwaka huohuo wa 1906 alipita huku Mjerumani mwingine, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alikwenda Masasi, Newala na Mahuta, akanunua vinyago, akapiga picha, na kwa mashine ya santuri akarekodi nyimbo za watu waliokuwa watu wazima enzi za Machemba. Akarudi kwao na mizigo, akaandika kitabu. Hatumlaumu kwa kuuliza maswali. Tunajilaumu sisi ambao tumekaa na wazee hawahawa zaidi ya miaka mia moja, wajukuu na vitukuu vya wale aliowauliza, na bado ukitaka kuijua nchi hii ya wakati ule inabidi ufungue kitabu cha mtu aliyekaa miezi michache.

Ndiyo maana sehemu ya michango ya mwaka huu itakwenda kwenye kazi ya kumbukumbu. Tunataka kununua vinasa sauti viwili, kulipa nauli ya vijana wanne kwenda Luagala, Newala, Chitangali na Masasi wakati wa kiangazi baada ya mavuno ya korosho, na kutenga chumba kimoja chenye kabati linalofungwa kwa ajili ya picha, barua na kanda. Vijana watauliza habari za Machemba, na watauliza vilevile habari za wale waliopitishwa kwake. Tumewaagiza wasianze na jina la mkuu. Waanze kwa kumwuliza bibi maji yalichotwa wapi, na nani alikwenda kuyachota, na kama yupo aliyekwenda asirudi.

Mwenye picha ya zamani aitunze mahali pakavu, asiibandue kwenye fremu kama imegandamana. Tutakuja kuipiga hapohapo nyumbani. Mwenye mzazi Dar es Salaam, Lindi au Mtwara aliyekuwa akisimulia mambo ya uwandani, atupe taarifa mapema. Yule mzee wa kamati yetu ameshakubali kuwa wa kwanza kurekodiwa. Amesema atatusimulia yote aliyoambiwa na bibi yake, kwa Kiyao, na kwamba mtu asimkatize.