Silvio Gesell: Mfanyabiashara aliyetaka pesa zichakae

JANGA la corona lilipokausha vibarua jijini Nairobi mwaka 2020, baadhi ya wakazi wa Mukuru, Eastlands, walinunua chakula na maji kwa Sarafu, pesa za kijamii zilizotumwa kwa simu. Aliyezikalia alikatwa asilimia 2 kila mwezi. Wazo la kumtoza anayeficha pesa lilitokana na Mjerumani aliyefariki miaka 90 awali, Silvio Gesell.

Gesell alizaliwa Machi 17, 1862, mjini Sankt Vith, ambao leo uko Ubelgiji. Mwaka 1887 alihamia Buenos Aires, Argentina, akafanya biashara. Uchumi wa nchi hiyo ulipoporomoka mwaka 1890, alishuhudia bidhaa zikilala madukani na mafundi wakikosa kazi, huku wenye pesa wakizificha.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Nyanya huoza, chuma hushika kutu na mahindi hubunguliwa, lakini pesa hazichakai. Mwenye pesa huweza kungoja. Mwuza mboga na kibarua hawawezi. Alipendekeza kwamba pesa nazo zipungue thamani kidogo kidogo, ili kila azipataye azitumie upesi. Alianza kuchapisha fikra hizo mwaka 1891, na kitabu chake kikuu kikatoka mwaka 1916.

Aprili 1919 alikabidhiwa wizara ya fedha katika serikali ya kimapinduzi ya Bavaria. Alidumu takriban wiki moja. Serikali hiyo ilipoangushwa, alishtakiwa kwa uhaini, lakini mahakama ikamwachilia. Alifariki Machi 11, 1930.

Mwaka 1932, dunia ikiwa katika mdororo mkuu, mji wa Wörgl nchini Austria ulilipa vibarua kwa noti zilizobandikwa stempu ya asilimia 1 kila mwezi. Barabara zilikarabatiwa na wasio na kazi wakaajiriwa, hadi benki kuu ilipozipiga marufuku mwaka 1933. Mwaka 1936 mwanauchumi John Maynard Keynes alimsifu Gesell, ingawa aliona kasoro: watu wangekimbilia mali nyingine badala ya noti. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Ulaya ilishusha riba chini ya sufuri, hatua iliyofanana na wazo hilo.

Mitaani Mukuru, hata hivyo, mtihani ulikuwa mmoja: iwapo mwenye kibanda angekubali kuzipokea. Pesa, ziwe za serikali au za kijiji, husimama juu ya imani ya wanaozipokea.