William Wollaston na Metali Isiyo na Mwenyewe

William Hyde Wollaston, mwana wa kasisi, alizaliwa Uingereza mwaka 1766. Alisomea uganga Cambridge, lakini mwaka 1800 aliuacha, akashika kazi ya kusafisha platini pamoja na rafiki yake, Smithson Tennant.

Mwaka 1802, katika mabaki ya platini, aligundua metali nyeupe kama fedha, isiyopata kutu, lakini yenye kuyeyuka katika asidi ya naitriki, ambayo platini huishinda. Akaiita paladiamu, kwa jina la Pallas, sayari ndogo iliyoonekana mwaka ule ule.

Ajabu ni kwamba alijificha. Mwaka 1803 vikaratasi visivyo na sahihi vilienezwa London, kwamba metali mpya inauzwa katika duka moja la Soho. Bwana Chenevix, mkemia, aliinunua, akatangaza kuwa ni platini na zebaki tu. Wollaston akanyamaza, kisha, kwa siri vile vile, akaahidi paundi 20 kwa yeyote awezaye kuitengeneza. Hakutokea mtu. Mwaka 1805 ndipo alipojitaja, na Chenevix akaaibika. Kwa maoni yangu, hakutendewa kiungwana.

Wollaston alifariki mwaka 1828. Kwamba paladiamu hunywa haidrojini mara mamia ya ujazo wake, hilo aliligundua Thomas Graham mwaka 1866.