Clyde Tombaugh: Mtoto wa mkulima aliyeunda darubini kwa vipuri vya gari, akagundua Pluto

Msasani taa za jiji zinafuta nyota nyingi, lakini Mshtarii na Zohali bado zinaonekana. Ukiwa na darubini ndogo uani na simu mkononi, unaweza kupiga picha ya Mshtarii na miezi yake minne mikubwa. Karibu miaka 100 iliyopita, kijana mmoja wa Marekani naye alianzia nyumbani kwao, bila digrii.

Clyde Tombaugh alizaliwa Februari 4, 1906 jimbo la Illinois. Baadaye familia ikahamia Burdett, Kansas, kulima. Alitamani sana chuo, lakini mvua ya mawe ikaharibu mazao. Hela ya ada ikawa haipo tena.

Hakukaa kulia. Akaanza kusaga vioo vya darubini kwa mkono. Darubini ya kwanza, ya mwaka 1926, haikumridhisha. Kupima kioo vizuri kunahitaji hewa tulivu na joto lisilobadilika, hivyo akachimba shimo la urefu wa mita 7 hivi na kufanyia kazi humo.

Mwaka 1928 akakamilisha darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 23. Baadhi ya vyuma vyake vilitoka kwenye gari la Buick la mwaka 1910 na mashine za shambani. Kila usiku mzuri alitazama Mirihi na Mshtarii, akachora alichokiona.

Michoro hiyo akaituma kituo cha kutazama anga cha Lowell, Arizona, akiomba ushauri tu. Kumbe wenyewe walikuwa wanatafuta mtu wa kuendesha darubini mpya ya kupiga picha. Wakaona kijana ni makini, wakamwita. Januari 1929 akapanda treni.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta sayari ambayo mwanzilishi wa kituo, Percival Lowell, aliamini iko mbali kupita Neptuni. Lowell alifariki 1916 bila kuiona.

Tombaugh alipiga picha eneo moja la anga mara mbili, siku kadhaa zikipita katikati. Kisha aliziweka kwenye mashine inayozionyesha kwa zamu, harakaharaka. Nyota hazisogei, ila sayari huonekana ikiruka. Usiku alivumilia baridi kali, mchana alikagua maelfu kwa maelfu ya nyota.

Februari 18, 1930, akilinganisha picha za Januari 23 na 29, akaona kidoa kimehama. Ilikuwa Pluto. Alikuwa na miaka 24.

Ugunduzi huo ukamfungulia Chuo Kikuu cha Kansas kwa ufadhili. Mgunduzi wa sayari akaanza mwaka wa kwanza kama wenzake. Baadaye alifundisha chuo kikuu New Mexico hadi 1973. Makumbusho ya Smithsonian walipoiomba ile darubini ya 1928, akawakatalia. Bado alikuwa anaitumia.

Alifariki Januari 17, 1997. Mwaka 2006 wanasayansi waliishusha Pluto daraja, ikaitwa sayari kibete. Lakini mapema mwaka huohuo chombo cha New Horizons kilikuwa kimeshaondoka duniani, kikiwa na sehemu ya majivu ya Tombaugh.

Julai 14, 2015 chombo hicho kilipita karibu na Pluto na kutuma picha za milima ya barafu. Majivu ya mtoto wa mkulima yalifika pale alipoona kidoa tu.