Daktari Aliyetega Sikio Moyoni

Huenda mmoja wenu amewahi kuwekewa kifuani kile chombo ambacho daktari huning'iniza shingoni. Aliyekibuni ni Mkatoliki wa Ufaransa, René Laennec.

Alizaliwa Quimper mwaka 1781. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na ami yake aliyekuwa daktari mjini Nantes. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusomea udaktari. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1789, na wasomi wengi waliidharau dini. Laennec, akiwa bado mwanafunzi, aliirudia imani yake na kupokea Sakramenti.

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, alikuja msichana mnene mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Siku hizo daktari alilaza sikio lake kifuani pa mgonjwa. Laennec aliona si heshima kumfanyia hivyo msichana. Akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya gogo kwa pini, aliyetega sikio ncha ya pili husikia vizuri. Akakunja karatasi ngumu kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia moyo ukidunda waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia. Baadaye alichonga vyombo vya mti kwa mikono yake, na mwaka 1819 akatoa kitabu kuhusu sauti za moyo na mapafu. Kumbe staha nayo huzaa elimu!

Ninawaambia haya kwa sababu wako wanandoa wanaoacha dawa za presha wakisema wamekwisha kuombewa. Ni kweli, sala humtuliza mtu, na moyo uliotulia ni afadhali kuliko moyo wa wasiwasi. Lakini presha ni mwizi wa kimya. Mtu hujiona mzima huku mishipa ikiumia. Laennec alisali kwa bidii, na bado aliamka kwenda kusikiliza vifua vya wagonjwa. Basi wewe mama, baba akianza kuhema kwa kupanda kilima kidogo tu, usingoje novena iishe. Mpeleke akapimwe, na novena iendelee huko huko njiani.

Alioa akiwa mtu mzima, mwaka 1824. Mkewe, Jacqueline Argou, alikuwa mjane wa ukoo wake aliyekuwa akimtunzia nyumba. Mimba waliyoipata iliharibika. Husimuliwa kwamba safarini walisali rozari pamoja, na siku moja gari lao la farasi likapinduka. Lilipoinuliwa walipanda tena, wakaendelea na fungu walilokuwa wamefikia.

Kifua kikuu, ugonjwa aliowachunguza nao wengi, kilimpata yeye mwenyewe. Imani haikumkinga nacho, wala hakuona kwamba Mungu amemtupa. Mkewe alisafiri naye kurudi Bretagne, nchi ya kwao, akamuuguza huko. Tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45, alizivua pete zake moja moja na kuziweka mezani. Alieleza kwamba punde mtu mwingine angelazimika kumvua, naye hakutaka kumwachia yeyote kazi hiyo ya huzuni. Saa chache baadaye alifariki, Jacqueline akabaki mjane kwa mara ya pili.